Mimi ni wakili, nataka kuhamia akiolojia: nianzie wapi?

SWALI

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni wakili wa Mahakama Kuu, nina miaka 33, nipo Dar es Salaam na kesi zangu nyingi ni za ardhi na mikataba. Tangu nisome habari za John Lloyd Stephens, yule wakili wa New York aliyeacha mahakama akaenda kufukua miji ya kale ya Wamaya, huko Amerika ya Kati, na kuandika vitabu vilivyogombaniwa, nimekosa utulivu. Hakusomea akiolojia hata siku moja. Najiuliza kwa nini mimi nisiweze, na Kilwa iko nchini mwangu.

Nimetembelea Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ufukweni niliokota vigae vya vyombo vya kale, baadhi vina rangi ya kijani inayong'aa, na ninavyo nyumbani kwenye boksi. Mjomba wangu ana shamba huko wilayani lenye kipande cha ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, na ameniruhusu kuchimba nitakavyo. Mume wangu hapingi, ila anauliza ada za watoto zitatoka wapi.

Naomba mnijibu: niache uwakili? Naweza kuanza kwa kuchimba pale shambani? Kitabu naweza kukiandika mapema kama Stephens? Na hivi vigae nivifanyeje?

Wakili, Upanga

JIBU

Dada Wakili,

Tuanze na shamba la mjomba, kwa sababu hapo ndipo madhara yanaweza kutokea wiki hii hii. Usichimbe. Ruhusa ya mjomba ni ya kuingia shambani kwake, haitoshi kukupa haki ya kufukua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inataka leseni kutoka kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale kwa yeyote anayetafuta mabaki ya kale, na haijali kama ardhi ni yake, ya ndugu yake au ya kijiji. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinaingia ndani ya sheria hiyo moja kwa moja, na ukuta wa matumbawe wilayani Kilwa una kila dalili ya kuwa mkongwe kuliko mwaka huo. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake, na Kenya inaongozwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, lakini kuhusu kuchimba bila kibali msimamo ni ule ule.

Zaidi ya sheria kuna sababu ya kitaalamu, na wewe utaielewa haraka kuliko watu wengi. Udongo ni kielelezo kinachoharibika palepale kinaposomwa. Ukishaondoa tabaka, hakuna atakayeliona tena. Kinachobaki ni kumbukumbu zako tu: vipimo, michoro, picha, na lebo za mifuko. Kama hizo hazipo, umeteketeza ushahidi, hata kama kila kigae umekihifadhi vizuri.

Sasa Stephens. Tunafurahi kwamba ndiye aliyekuwasha moto, maana maisha yake yana mengi ya kuiga. Lakini habari zake zimekufikia zikiwa zimekatwa pande mbili.

Alizaliwa New Jersey mwaka 1805, akamaliza Chuo cha Columbia mwaka 1822, akasomea sheria Litchfield, Connecticut, kisha akafanya uwakili New York kwa takriban miaka minane. Ugonjwa wa koo ndio uliomtoa mahakamani. Daktari alimshauri asafiri, naye mwaka 1834 akaanza safari iliyomfikisha Misri na Petra. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1837 na kumpa jina na fedha. Kwa hiyo alipofika kwa Wamaya alikuwa tayari mwandishi anayeuza, mwenye mtaji, na juu ya hayo mwaka 1839 Rais Van Buren alimteua kuwa mjumbe wa Marekani Amerika ya Kati. Huo ndio mto aliolalia kichwa. Anayekwambia kwamba Stephens aliacha kila kitu akarukia gizani hajasoma maisha yake.

Pili, hakufukua miji. Alipofika Copán, Honduras, Novemba 1839, kazi aliyoifanya yeye na mwenzake Frederick Catherwood, msanifu majengo Mwingereza, ilikuwa kukata msitu, kupima na kuchora. Catherwood alitumia kifaa chenye mche wa kioo kinachomwezesha mchoraji kuona sanamu na karatasi kwa wakati mmoja. Mwanzoni alishindwa. Sanamu zile zilikuwa ngeni mno kwa jicho lililozoea Ugiriki na Misri, akawa anachora na kufuta, amesimama kwenye tope, amevaa glavu kwa ajili ya mbu. Alipozizoea, michoro yake ikawa sahihi kiasi kwamba wasomi wa baadaye waliweza kuifanyia kazi. Hilo ndilo la kuiga: kabla ya jembe kugusa ardhi, chora na pima. Uzito wa Stephens kwenye akiolojia umetokana kwa sehemu kubwa na mkono wa Catherwood, na wewe pia utahitaji mwenzako wa vipimo.

La kuacha ni ununuzi. Stephens alizipitia karatasi za mwenye eneo la Copán, akalinunua gofu lile kwa dola 50, akiwaza hata kusafirisha sanamu hadi New York. Sanamu zilibaki. Katika safari ya pili, iliyoanza 1841, waliondoa Yucatan, Mexico, mbao zilizochongwa na vitu vingine, wakavionyesha New York katika jengo la maonyesho la Catherwood. Julai 1842 jengo likaungua navyo. Mbao zile zilikuwa zimestahimili karne kadhaa mahali pake, zikaisha ndani ya usiku mmoja baada ya kuhamishwa.

Na mahali alipotumia uwakili wake hasa ni kwenye hitimisho. Wakati wake wengi walidai miji ile imejengwa na Wamisri, au watu wa mabara yaliyozama. Stephens alikuwa ameiona Misri kwa macho yake, akapanga hoja moja baada ya nyingine: piramidi hazifanani kwa umbo wala matumizi, sanamu hazina mfano kwingine, mbao za milango bado zipo kwa hiyo majengo hayawezi kuwa ya maelfu ya miaka, na alama za maandishi za Copán zinafanana na za Palenque, mji mwingine wa Wamaya ulioko Mexico, hivyo ni watu wa utamaduni mmoja. Akahitimisha kwamba waliojenga ni mababu wa wenyeji walewale walioishi jirani. Maandishi yale yalikuja kusomwa katika karne ya 20, yakakutwa yana majina ya wafalme na habari za vita vyao. Stephens alikuwa sahihi bila kuweza kusoma alama hata moja, kwa kuwa alikataa kuongeza dai lisilo na kielelezo.

Ila fani yako ina mtego pia. Wakili amezoea kuanza na hati. Mwambao wetu una hati ya kuvutia sana, Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya mji huo na watawala wake, iliyotufikia kwa Kiarabu na kwa Kireno katika kazi ya João de Barros ya 1552. Inasimulia watu wa Shirazi, Uajemi, na masultani wao. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi kubwa ambayo hakuna anayeweza kuikwepa hadi leo. Kwa kutumia sarafu za sultani Ali bin al-Hasan aliisogeza tarehe ya nasaba hiyo hadi mwishoni mwa karne ya 12. Lakini katika kueleza asili ya miji, aliwapa wahamiaji wa kutoka Ghuba ya Uajemi nafasi kubwa kuliko ushahidi wa baadaye ulivyoonyesha. Kuanzia 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, akaenda chini ya msikiti wa mawe. Alikuta misikiti ya miti na udongo imepangana mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8, ndani ya makazi yenye vyungu vya kienyeji tangu tabaka la chini. Mji ulikua kutoka kwenye udongo na fito hadi kwenye mawe.

Fikiria maana yake kwa shamba la mjomba wako. Ukuta wa matumbawe unajionyesha wenyewe, na kila asiyefunzwa atachimba pembeni yake akiufuata. Austen Henry Layard, naye aliyetoka kwenye ofisi ya sheria London, alifanya hivyo Nimrud, mji wa kale ulioko Iraq, kuanzia 1845: alipasua njia kandokando ya kuta kufuata sanamu, na katikati ya vyumba vingi akapaacha. Nyumba ya miti haina ukuta wa kufuata. Inachoacha ni doa la mviringo la udongo mweusi zaidi, upana wa shibiri moja au chini yake, mahali nguzo ilipooza. Kuliona kunahitaji kupara sakafu ya shimo kwa mwiko wa mwashi, kuelekea nyuma, mkono mwepesi, hadi uso uwe safi kabisa. Kisha unanyunyiza maji kwa pampu ya bustani na kuangalia mara moja, maana jua la pwani likikausha uso, rangi zinalingana na doa linapotea. Likionekana, unachimba nusu yake tu, unachora ukuta wa ile nusu, ndipo unamalizia. Mwenye jembe la mkono hupita juu ya nyumba nzima namna hii bila kujua.

Kwa hiyo jifunze kazi hiyo chini ya mtu mwenye leseni. Shimo la kawaida la mafunzo ni mita 2 kwa 2. Linachimbwa kwa kufuata matabaka ya asili, na tabaka likiwa nene linagawanywa kwa sentimita 10. Udongo wote unapita kwenye chekeche la milimita 5, na sehemu yake kwenye tundu dogo zaidi, la sivyo shanga na mifupa ya samaki vitapita bila kuonekana. Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani na moja nje: jina la eneo, shimo, tabaka, tarehe, herufi za mchimbaji. Lebo ya nje hufutika kwa jasho na mvua, ndiyo sababu ya ile ya ndani. Michoro ya kuta za shimo huwa kwa kipimo cha 1:10, ramani za sakafu 1:20. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, inatosha kuonyesha eneo lilipo, haitoshi kuonyesha kitu kilipokuwa ndani ya shimo. Mlolongo wa utunzaji wa vielelezo unaoudai kwa polisi mahakamani ndio huohuo. Ukikatika kwenye mfuko mmoja, mfuko huo hauna thamani tena.

Kuhusu tarehe, makosa matatu yanajirudia mwambaoni. La kwanza, kulipa tabaka tarehe ya kitu kizuri kilichomo. Bakuli la kijani la Kichina linaweza kurithiwa vizazi vitatu kabla ya kuvunjika. Kitu kipya kuliko vyote kwenye tabaka ndicho kinachokwambia tabaka hilo halikuweza kufungwa kabla ya lini. Na hata hapo angalia mashimo ya kaa na mizizi, maana shanga ndogo hushuka humo hadi matabaka ya chini. La pili ni kupima umri kwa kaboni ya makombe ya baharini. Bahari ina kaboni ya zamani, hivyo kombe husoma mkongwe kwa karne kadhaa hadi lirekebishwe. La tatu ni mkaa wa mti mnene au boriti iliyotumiwa tena, ambayo hutoa umri wa mti badala ya umri wa moto. Chagua mbegu zilizoungua au vijiti vyembamba, vishike kwa koleo, vifunge kwenye karatasi ya alumini.

Je, uache uwakili? Tunakushauri usiuache sasa. Leseni yako huhuishwa kila mwaka, na mwaka mmoja wa kuilipia ni nafuu kuliko kurudi baadaye kwa faini na maelezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu 1985. Andika kwa idara, ambatanisha nakala za matokeo, na uulize kwa uwazi kama LLB, yaani shahada yako ya kwanza ya sheria, inakuingiza moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili au utahitaji kozi za ziada. Sambamba na hilo omba kujitolea kwenye msimu wa uchimbaji wa mradi ulio na leseni. Utapewa kuosha vigae. Kubali. Mwezi mmoja wa kuosha, kuhesabu na kupima uzito wa vigae, ukitenga vipande vya midomo ya vyungu na vya matumbo yake, utakufundisha kutofautisha chungu chenye pembetatu za kuchanja, cha karne ya 7 hadi ya 10, na chombo cha rangi nyeusi juu ya manjano kutoka Yemen cha karne ya 13 au 14. Hayo macho huwezi kuyanunua, na bila hayo huwezi kusoma eneo lolote la pwani.

Kuhusu ada za watoto, kuna kazi inayolipa ambayo wanaakiolojia wengi hawana mafunzo nayo: mikataba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na barabara, bomba au bandari hupita juu ya makazi ya kale. Mikataba mingi ya ujenzi ina kifungu hafifu kuhusu vitu vya kale vinavyokutwa kazini, au haina kabisa. Kifungu kinachofaa kinasema nani anasimamisha mtambo, eneo la mita ngapi linazungushiwa utepe, taarifa inafika kwa mamlaka ndani ya saa ngapi, nani hulipa siku za kusubiri, na nani anagharimia uchimbaji wa uokoaji na utunzaji baada yake. Hicho cha malipo ya kusubiri ndicho roho ya kifungu. Mkandarasi asiyelipwa siku za kusimama atafukia alichokiona kabla jua halijazama. Wakili anayejua pia tabaka ni nini atatafutwa, na ada ya kazi hiyo inaweza kukusomesha wewe na watoto.

Kitabu. Stephens alirudi New York Julai 1840, na majuzuu mawili yakatoka katikati ya 1841, yenye michoro ya Catherwood, yakauzwa kama nakala 20,000 katika miezi michache. Aliweza kwa sababu aliandika kila siku njiani, na kwa sababu hakuwa na mashimo ya kuyatolea ripoti. Mchimbaji yuko kwenye hali nyingine. Ripoti ya Kilwa ya Chittick, majuzuu mawili, ilitoka 1974, miaka mingi baada ya mashimo kufungwa. Uchimbaji wake wa Aksum, Ethiopia, wa 1972 hadi 1974, ulichapishwa 1989 na Stuart Munro-Hay, Chittick mwenyewe akiwa amefariki 1984. Kwa hiyo panga hivi: kwa kila wiki ya kuchimba, tenga wiki tatu au nne za kuosha, kuchora, kuhesabu na kuandika, na ziingie kwenye bajeti tangu siku ya kuomba leseni. Fedha zikiisha shimoni, ripoti haiandikwi.

Lakini kuandika kwa wasomaji wa kawaida unaweza kuanza sasa, bila kuchimba chochote. Andika kuhusu yaliyokwisha kuchapishwa: Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa, na bwawa lake la pembe nane, Msikiti Mkuu ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa 1331. Kwa Kiswahili makala za namna hii ni chache mno, na watu wanaoishi kando ya magofu hayo ndio wanaozikosa. Mambo mawili tu uyaangalie. Usiandike kama hoja za mwisho mahakamani. Palipo na tafsiri mbili zieleze zote, hata ile usiyoipenda. Na usitaje mahali kamili pa eneo lisilo na mlinzi, ukiwemo ukuta wa mjomba. Wachimba hazina nao husoma.

Vile vigae: acha kuviosha, usivigundishe, usivipake chochote. Kigae cha ufukweni kimenyonya chumvi. Kinapokaa ndani ya nyumba kavu chumvi huganda kuwa chembe ngumu chini ya ule mng'ao na kuubandua vipande vipande; ukiona unga mweupe au magamba pembeni, ndiyo yameanza. Dawa yake ni kuvilowesha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi yanayobadilishwa mara kwa mara hadi chumvi iishe, lakini hiyo ifanywe na mtunzaji wa makumbusho, kwa sababu mng'ao uliokwisha legea hung'oka majini. Weka kila kigae kwenye karatasi laini, andika ulikokiokota kwa kadiri unavyokumbuka, upande gani wa kisiwa, maji yakiwa yamekupwa au yamejaa, mwezi na mwaka, kisha vipeleke Idara ya Mambo ya Kale pamoja na barua fupi. Barua hiyo hiyo itoe taarifa ya ukuta wa shambani na kuomba ukaguzi. Mjomba aambiwe mapema, na ahakikishiwe kwamba kutoa taarifa si kunyang'anywa shamba. Mwombe tu asilime karibu na ukuta wala asichukue mawe yake kuchoma chokaa.

Ukitaka kuwahi msimu wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, barua za chuo na za kujitolea zitoke kabla ya masika. Mashimo ya pwani hujaa maji Aprili, na miradi hupanga majina ya watu wake miezi kadhaa kabla ya kwenda.